Wauza spea wa Luthuli, tuambieni tunachonunua

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niwafikie wenye maduka ya spea za elektroniki katika barabara ya Luthuli, River Road na vichochoro vya hapo karibu, jijini Nairobi. Nina ombi moja, na linaweza kutekelezwa kesho asubuhi kwa kalamu na kipande cha karatasi. Kila droo ya transista, kapasita au saketi iandikwe wazi kama kilichomo ni kipya cha kampuni iliyotajwa juu yake, ni kopi, au ni mtumba uliong'olewa kwenye bodi kuukuu. Sisemi msiuze kopi. Sisemi msiuze mtumba. Nasema mtuambie.

Mimi ni fundi wa amplifaya na inveta (mashine za kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), na karakana yangu iko Kariobangi Light Industries. Wateja wangu ni makanisa ya Dandora, Huruma na Korogocho, vijana wanaokodisha vyombo vya muziki kwa harusi na mazishi, na siku hizi watu wenye sola ambao inveta zao zimeungua. Nina vijana wanaojifunzia kazi kwangu, wa kike na wa kiume. Mimi ndiye ninayewatuma mjini kununua spea, na wakirudi na kitu kisichofaa, hasara ni ya karakana. Basi ninapoandika haya siandiki kwa niaba yangu peke yangu.

Kwa asiyezijua barabara hizo, maduka ya chini yanayotazama njia yamejaa runinga, spika kubwa na kamera za ulinzi. Spea hazikai pale mbele. Unaingia ndani, unapanda ngazi nyembamba, unapita mwenye simu na mwenye rimoti, mpaka unafika kwenye kibanda ambacho ukuta wake mzima ni vidroo vya plastiki. Mbele ya kila kidroo pamebandikwa kwa selotepu kipuri kimoja kuonyesha kilichomo ndani, pamoja na namba yake iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Hapo hapo, kando ya namba hiyo, ndipo ninapotaka neno moja liongezwe. Nafasi ipo, kalamu ipo, selotepu ipo.

Tangu 2019, kaunti ilipopanua njia ya waendao kwa miguu Luthuli na magari yakaanza kupita upande mmoja tu, kutembea pale kumekuwa na nafuu. Bado kuna mabroka mlangoni wanaokushika mkono, "mama karibu, unatafuta nini, ingia tu uone", na mgeni huongozwa duka ambalo broka analipwa asilimia yake. Lakini mwenye kujua anakokwenda hupita. Nami napenda kwenda. Nasema hivi ili isidhaniwe naandika kwa chuki. Sijui mahali pengine katika jiji hili ambapo mtu anaweza kuingia na kitu kilichoungua mkononi, hakisomeki hata herufi, na muuzaji akakigeuza mara mbili, akakuuliza kilitoka kwenye mashine gani, halafu akafungua kidroo sahihi bila kutazama kitabu chochote.

Kuna mzee mmoja wa River Road, jina lake nalihifadhi, ambaye vijana wangu wote wamepitia kwake. Yeye ndiye anayewafundisha kwamba transista za Kijapani huanza na 2S lakini kiwanda hakiziandiki herufi hizo mbili kwenye ganda, kwa hivyo ukiona C1815 jua ni 2SC1815, na ukiona A1943 jua ni 2SA1943. Siku moja kijana wangu alikosa C1815 akataka achukue BC547, maana zote ni ndogo na kazi zao zinakaribiana. Mzee hakumkatalia. Alichukua kipande cha boksi akamchorea miguu: hii ya Kijapani, ukiielekeza upande bapa kwako, kutoka kushoto ni emita, kolekta, besi, ile nyingine ni kolekta, besi, emita. Akamwambia, "Ukiiweka vile ile ya kwanza ilivyokaa, haitafanya kazi, na utakuja hapa kunitukana." Kijana akaipinda miguu ipasavyo, redio ikalia. Kipande kile cha boksi tumekipigilia ukutani kule karakana.

Muuzaji wa namna hiyo ana thamani kwetu kuliko bei nafuu. Na ndiyo maana inaniuma kuona jinsi maduka mengi yanavyopoteza imani ya mafundi kwa jambo ambalo lingemalizwa na neno moja kwenye droo.

Nieleze ninachozungumzia, maana msomaji ambaye si fundi anaweza kudhani tunagombana kuhusu vitu vidogo. Kwenye amplifaya kubwa ya kanisa, kazi ya kusukuma spika hufanywa na transista za pato, na jozi inayotumika sana ni C5200 na A1943. Karatasi ya Toshiba inasema kila moja inahimili volti 230, ampea 15 na wati 150, na hizo wati ni pale ganda lake likiwa na joto la nyuzi 25 tu. Ikipata joto zaidi, uwezo unashuka. Kwa hiyo hata ile ya kweli hufungwa kwenye bati nene la aluminiamu lipooze joto, na hupangwa kadhaa kwa pamoja ili zigawane mzigo. Kinachobeba mzigo huo ndani ya ganda jeusi ni kipande cha silikoni. Kikiwa kipana, joto linatawanyika. Kikiwa kidogo, joto linakusanyika mahali pamoja na kipande kinayeyuka.

Kopi imechapwa C5200 juu yake kwa herufi nzuri, pengine hata na jina la kampuni. Ganda ni lile lile, miguu ni ile ile. Ndani wameweka silikoni ya transista ndogo ya bei rahisi. Nimezipasua nyingi kwa koleo nikaziweka kando ya zile nilizozitoa kwenye amplifaya za zamani, na mara nyingi kipande cha kopi hakifiki hata nusu ya upana wa kile cha zamani.

Sasa, watu huuliza, si ungeipima kabla ya kulipa? Mita ya kawaida, ukiiweka kwenye alama ya diodi, hupitisha umeme kidogo mno na kukuonyesha takriban volti 0.6 kati ya besi na emita. Kopi nayo ni silikoni, kwa hiyo nayo itaonyesha 0.6. Vile vipimo vidogo vya Kichina vyenye kioo, ambavyo vijana wanavipenda, navyo hutumia umeme wa betri ndogo. Vitachora picha ya transista, vitakutajia miguu, na vitakwambia ni nzima. Na kweli ni nzima. Swali la fundi ni kama itabeba, na hilo hakuna kaunta ya Luthuli inayolijibu kwa mita. Linajibiwa na neno la muuzaji. Ndiyo sababu neno hilo lina uzito, na ndiyo sababu halifai kuchezewa.

Kuna kanisa moja la Dandora lililoniletea amplifaya yao ikiwa imekufa upande mmoja. Nilibadilisha transista zote za upande huo, pamoja na zile rezista nyeupe za saruji za omu 0.22, na spea nilizinunua duka ambalo sitalitaja. Niliuliza kama ni orijino. Nikaapiwa. Nikalipa bei ya orijino, ambayo ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile niliyotajiwa duka la pili yake. Pale karakana amplifaya ililia vizuri kwa muda mrefu, na wakaichukua. Wiki hiyo walikuwa na mazishi ya mzee wa kanisa, uwanjani, watu wengi, na sauti ilibidi ifunguliwe hadi mwisho ili wa nyuma wasikie. Binti wa marehemu alikuwa anasoma wasifu wa babake wakati transista moja ilipopiga shoti.

Fundi anajua kinachofuata. Transista ya pato ikishoti, umeme mzito wa ndani unaenda moja kwa moja kwenye spika bila kukoma, koili inageuka kaa la moto, na kama amplifaya haina ulinzi wa kukata, kama ambavyo nyingi za bei nafuu hazina, hakuna cha kuizuia isipokuwa fyuzi. Fyuzi ilikatika, lakini ilikuwa imechelewa. Spika mbili ziliungua. Yule binti alimalizia kusoma kwa sauti yake tupu, upepo ukimchukulia maneno, na waliokaa nyuma hawakusikia babake alizaliwa wapi wala alifanya nini maishani. Mimi nililipia koili za spika kutoka mfukoni, na kanisa sikulidai, maana wao walikuja kwangu wakiamini kazi yangu. Niliporudi dukani na transista zilizopasuka nikawaonyesha silikoni iliyokuwa ndani, nilielekezwa maandishi yaliyo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudi.

Bei ya spea ile moja haikufika bei ya chakula cha mchana cha watu wawili pale mjini. Iliyoharibika ni siku ambayo haiwezi kurudiwa. Hii ndiyo hesabu ninayotaka wenye maduka waifanye.

Kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, nazo zina hila zake. Kapasita kubwa ya mikrofaradi 10,000 na volti 63 inauzwa ikiwa na plastiki mpya inayong'aa, kumbe plastiki hiyo imevishwa juu ya kapasita ya volti 35. Ukiiweka kwenye amplifaya ya volti 50 kila upande, inavimba juu, inapasuka na kumwaga maji yake kwenye bodi. Nyingine ukiipasua unakuta kopo kubwa limebeba kopo dogo ndani yake. Hapa angalau vile vipimo vidogo vya Kichina vinasaidia, kwa sababu mikrofaradi hupimika, na uzito nao husema. Yenye kopo dogo ndani ni nyepesi mkononi. Kinachoshindikana kupimika kaunta ni volti na nyuzi za joto. Iliyoandikwa nyuzi 105 na iliyoandikwa nyuzi 85 zinafanana sura, ila mafundi tunajua kanuni kwamba kila joto likipungua kwa nyuzi 10 maisha ya kapasita huongezeka maradufu. Ndani ya inveta iliyofungiwa kwenye kijisanduku cha bati, tofauti hiyo ndiyo miezi au miaka.

Sitakaa sana kwenye waya wa aluminiamu uliopakwa rangi ya shaba, kwa sababu huo kila mtu anaweza kuukwaruza kwa wembe akaona weupe. Wala betri za tochi zilizoandikwa 9,900 mAh, yaani kiasi cha umeme zinachohifadhi, ambazo betri ya kweli ya ukubwa huo haifiki hata nusu ya namba hiyo.

Niwaambie wenye maduka kwamba hatuwataki muuze orijino peke yake. Hatungeweza kuinunua. Kwenye karakana yangu kopi ina kazi yake halali. Diodi ya 1N4007 kwenye chaja ya simu, rezista za robo wati, taa za LED, hivyo tunachukua vya bei ya chini na havituangushi. Transista ya kopi inaweza kukaa kwenye redio ya jikoni miaka mingi, kwa sababu pale haisukumi mzigo wowote wa maana. Mteja akiniambia hana pesa, namweleza: hii ni kopi, sauti usipitishe nusu. Anaelewa, anaamua mwenyewe, anaondoka akijua alichobeba. Kwa nini mimi niweze kumwambia hivyo mama muuza mboga wa Huruma, na duka lenye kaunta ya kioo lishindwe kuniambia mimi?

Na mtumba, mimi naupenda kuliko vyote. Transista iliyong'olewa kwenye amplifaya ya Kijapani ya zamani, hata ikiwa na miguu mifupi na alama ya lehemu, mara nyingi ndiyo ya kweli kuliko ile iliyolala kwenye pakiti mpya. Ingekuwa vyema iuzwe kwa jina lake na kwa fahari. Badala yake nimeona mtumba ukisafishwa, miguu ikapakwa lehemu upya, juu pakasuguliwa na kuchapwa namba nyingine, kisha ukauzwa kama mpya. Ukipitisha pamba yenye asetoni, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, wakati mwingine wino unatoka wote. Kitu kilichokuwa kizuri kwa haki yake kimefanywa kuwa uongo.

Wengine watasema kuiga ndiyo biashara ya elektroniki yenyewe. Si kweli, na mfano uko kwenye droo zao wenyewe. Saketi ya 555, ile ya kuhesabu muda, ilibuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 kwa ajili ya kampuni ya Signetics, na leo inatengenezwa na kampuni nyingi duniani. Kila moja inaichapa nembo yake, na fundi akiinunua anajua ya nani ni ipi. Saketi ya 7805 ya kutoa volti 5 ni vivyo hivyo. Kutengeneza kitu kinachofanya kazi ile ile na kukitia jina lako si kosa. Kosa ni kutia jina la mwingine na uwezo ambao hakina.

Gikomba jambo hili walilimaliza zamani. Nenda kwa wauza nguo pale saa kumi na mbili asubuhi beli linapofunguliwa. Kamera, yaani nguo bora zaidi, inawekwa kando na bei yake, na fagia, yaani mabaki, inamwagwa chini na bei yake, na hakuna anayekuuzia fagia akiiita kamera, kwa sababu kesho hutarudi kwake. Muuza nguo za mitumba anayefanya kazi chini ya turubai ana utaratibu huo. Muuza spea aliye na stima, kaunta na risiti ya mashine anaweza kuwa nao pia.

Nakubali kwamba baadhi ya wenye maduka nao wamedanganywa. Wananunua kwa jumla, pakiti zinafika zikiwa na lebo nzuri, na hakuna aliyewaonyesha cha ndani. Kodi za vibanda vya juu si ndogo, na mteja anayeingia akiuliza tu "bei ya mwisho ni ngapi" anawasukuma wachukue cha rahisi zaidi. Haya yote nayasikia ninapokaa pale nikingoja. Ila mwenye duka ana jambo ambalo mimi sina: ana mia moja za kundi moja. Akipasua moja kwa koleo atazijua tisini na tisa zilizobaki. Mimi nikinunua nne na kupasua moja, nimepoteza robo ya nilichonunua. Kwa hiyo wa kuchunguza kwanza ni yeye. Akishajua, aandike.

Kwa mosfeti, aina nyingine ya transista, ni rahisi zaidi, na ninashangaa kwamba maduka hayafanyi. IRF3205, inayotumika sana kwenye inveta, ya kweli ina kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi umeme) ya takriban nanofaradi 3 kwenye geti, mguu wake wa kuiwasha na kuizima. Kipimo kidogo kile kile cha Kichina huionyesha namba hiyo kwenye kioo. Ikisoma chini ya nusu, silikoni ni ndogo, na muuzaji amejua kwa sekunde chache bila kuvunja chochote.

Sheria ipo upande wetu, na ni vizuri wauzaji waijue kabla ya mtu kuwapeleka mahali pasipopendeza. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na alichonunua. Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012 inakataza kumwambia mtu kwamba bidhaa ni mpya ilhali si mpya, au kwamba ni ya kiwango fulani ilhali sicho. Na tangu 2008 tuna sheria ya kupambana na bidhaa ghushi. Maandishi madogo chini ya risiti hayawezi kuishinda Katiba.

Hata hivyo siombi msako. Nimeona siku za misako. Habari hufika kabla ya maafisa, milango ya chuma inashushwa mtaa mzima, na fundi aliyetoka Kayole kwa nauli yake anarudi mikono mitupu. Wanaokamatwa ni vijana wa kaunta, na wiki ijayo mali ni ile ile. Ninachoomba kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) ni kitu kingine: meza ya kupimia. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kiko barabara ya Haile Selassie, mtu anatembea tu kutoka Luthuli. Kina wanafunzi wa umeme na elektroniki wanaohitaji kazi ya mikono. Kama KEBS na chuo hicho wangekubaliana kutenga siku moja kwa wiki ambapo muuzaji au fundi analeta sampuli, inapimwa chini ya mzigo wa kweli, na anapewa karatasi ya majibu kwa ada ndogo, wauzaji waaminifu wangekuwa na kitu cha kubandika ukutani, nao wanafunzi wangeona kwa macho yao tofauti ya transista mbili zenye namba moja.

Nafikiria hasa wanaoanza. Siku hizi naona wazazi pale Luthuli wakiwa na karatasi ya mwalimu, mtoto wa sekondari msingi kando yake, wanatafuta taa za LED, rezista, bredibodi na betri ya volti 9 kwa ajili ya mradi. Mzazi hajui kwamba mistari ya kahawia, nyeusi, nyekundu kwenye rezista ni omu 1,000. Hajui kuuliza. Mtoto akifunga saketi sawasawa na isifanye kazi kwa sababu ya spea mbovu, hatalaumu spea. Atadhani yeye ndiye hana akili ya mambo haya, na ataacha. Nimepoteza mwanafunzi mmoja karakana kwa njia hiyo, msichana mwenye mikono mizuri sana ya kulehemu, ambaye vitu vyake viliungua mara kwa mara tulipokuwa na kundi baya la transista. Nilipogundua kosa liko wapi, alikuwa ameshaenda kutafuta kazi ya dukani, na sikufanikiwa kumrudisha.

Kwa wazazi hao na kwa mafundi wachanga, mpaka droo ziandikwe, nawashauri hivi. Bebeni kipuri cha zamani, msitegemee namba mliyoandika kwenye simu. Msifuate broka, pandeni ngazi, na mtazame duka ambalo mafundi wenye mikono michafu wamepanga foleni. Ulizeni kwa utulivu, "Hii ni ya kampuni, ni kopi au ni mtumba?", na mtazame kama muuzaji anajibu au anakasirika. Ombeni namba ya kipuri iandikwe kwenye risiti, si "spea" tu. Kama ni transista za pato, nunueni moja zaidi na muipasue mkifika nyumbani kabla ya kulehemu nyingine.

Kwa wenye maduka nina ahadi. Sisi mafundi wa amplifaya hapa Light Industries tumezungumza, na tumekubaliana kwamba duka la kwanza litakaloandika droo zake na kukubali kubadilisha kipuri kilichopasuliwa kikakutwa si kile kilichoandikwa, tutalipelekea kazi yetu yote ya transista na kapasita, na vijana wetu tutawaelekeza huko. Bei ya orijino tutalipa bila kuvutana. Mwenye nia asitafute namba ya simu. Aandike droo tu, na wiki hiyo hiyo tutajua, maana mmoja wetu huwa pale karibu kila siku.

Fundi wa amplifaya,
Kariobangi Light Industries, Nairobi